Maziwa Yalianza Kabla ya Kuzaa

Mwezi uliopita binti ya dada yangu, aliye darasa la 5, alirudi nyumbani na daftari la sayansi lenye kosa moja tu. Swali lilitaka aandike KWELI au SI KWELI: "Mamalia wote huzaa." Yeye aliandika SI KWELI. Mwalimu akamwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni akaongeza maneno mawili: "Soma tena."

"Mjomba, si wewe uliyeniambia kuna wanaotaga?"

Ni mimi. Nilimwonyesha video ya ekidna, yule mnyama wa Australia mwenye miiba anayetaga, kwenye simu, jioni moja umeme umekatika na hatuna la kufanya. Mama yake, bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria yake, akasema ndiyo faida ya kusomeshwa na mjomba: unajua mengi, maksi huna.

Mwalimu simlaumu. Swali hilo tumeulizwa wote, tukajibu KWELI, tukapata tiki zetu. Tumekua tukijua kuna viumbe wa kutaga na viumbe wa kuzaa, kuku huku na mbuzi kule, na kati yao pana ua usiorukwa. Kwa hiyo tukikutana na mnyama mwenye manyoya anayetaga yai, kisha akakinyonyesha kitoto kilichotoka ndani yake, tunamwita kituko. Mitandao nayo inaongeza chumvi: mara ni nusu ndege, mara ni nusu mjusi, mara ni mnyama ambaye maumbile yalimsahau. Karibu kila upotofu nilioukuta kuhusu ekidna na jamaa zake unaanzia hapo hapo, kwenye kumtambua mamalia kwa namna mtoto anavyokuja duniani, wakati jina lenyewe la mamalia limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya titi.

Na kwa upande wa titi, wanyama hawa hawana deni na mtu. Wananyonyesha, tena kwa miezi. Ukiliweka hilo mbele, mambo yanageuka. Kama ekidna anataga na ananyonyesha, na sisi tunazaa na tunanyonyesha, basi kilichotoka kwa babu wa pamoja ni unyonyeshaji. Babu huyo alikuwa akitaga. Maana yake maziwa ni ya zamani kuliko mimba tuijuayo leo, na ukoo wetu ulinyonyesha watoto waliototolewa kwa muda mrefu kabla ya mama yeyote kujifungua mtoto hai. Ekidna alibaki na desturi ya ukoo. Waliohama ni sisi, pamoja na ng'ombe, popo, nyangumi na kangaruu.

Tuwataje wenyewe kwanza, maana hata idadi yao hupotoshwa. Utasoma kwamba duniani wako "wanyama wawili tu" wa namna hii. Makundi ni mawili, ila aina zilizo hai ni 5. Yuko platipasi mmoja, mnyama wa manyoya mwenye mdomo bapa, wa mito ya mashariki mwa Australia na kisiwa cha Tasmania. Yuko ekidna wa mdomo mfupi, aliyeenea karibu Australia yote na sehemu za kisiwa cha New Guinea. Halafu wako ekidna 3 wa mdomo mrefu, ambao siku hizi wanaishi New Guinea peke yake. Wataalamu huwaita monotremata, yaani wenye tundu moja, kwa sababu haja zote na yai vinatoka kwenye njia moja, kama kwa kuku.

Sasa yai. Kitendawili tunachoanza nacho utotoni, "nyumba yangu haina mlango," kilitungwa na mtu aliyekuwa akimtazama kuku. Nyumba ya ekidna ni ya aina nyingine. Ganda lake halina ugumu wa chokaa. Ni laini kama ngozi, na mtu wa pwani aliyewahi kushika yai la kasa anajua ninachosema. Ukubwa wake ni wa zabibu ndogo, kama sentimita moja na nusu, na uzito wake hauzidi sana gramu moja na nusu. Baada ya kubeba mimba kwa wiki 3 hivi, mama hujikunja na kulitaga moja kwa moja kwenye mfuko ulio tumboni mwake. Mfuko huo nao si wa kudumu kama wa kangaruu. Hujitokeza majira ya kuzaliana, misuli ya tumbo ikijikunja kuushikilia, kisha hupotea.

Siku 10 zikipita, kitoto hulipasua ganda kwa jino dogo la kutotolea, kama kifaranga. Kinachotoka hakifiki nusu gramu. Hakina macho ya kuonea, hakina mwiba hata mmoja, kina rangi ya nyama mbichi, ila mikono yake ya mbele ina nguvu ya ajabu, kwa sababu kazi yake ya kwanza duniani ni kukwea kwenye manyoya ya mama hadi penye maziwa.

Na penye maziwa hapana chuchu. Pana vipande viwili vya ngozi ambavyo maziwa huchuruzika kupitia vitundu vidogo vidogo, na kitoto hung'ang'ania hapo na kufyonza. Kiswahili kinatusaidia katika jambo hili: ziwa na chuchu kwetu ni maneno mawili, kila moja na kazi yake, kwa hiyo hatupati shida kumfikiria mama mwenye maziwa asiye na chuchu. Madai kwamba ekidna "hatoi maziwa halisi, anatoa jasho" ni upuuzi. Yale ni maziwa yenye mafuta, sukari na protini, kaseini ikiwemo, na jeni zinazoyatengeneza ni za ukoo mmoja na zile za ng'ombe anayekupa chai ya asubuhi.

Kitoto hukaa mfukoni siku kama 50. Miiba ikianza kuchomoza, mama hawezi kuvumilia zaidi, na nani angeweza? Humweka shimoni, akaziba mlango kwa udongo, akaenda zake kutafuta mchwa. Hurudi baada ya siku kadhaa, mara nyingi 5 hivi, akafukua, akanyonyesha, akafunika, akaondoka tena. Kitoto kinakunywa kwa mkupuo mmoja maziwa ya kutosha kukivusha hadi safari ijayo. Maisha hayo huendelea mpaka kinapokaribia miezi 7. Mara nyingi huwa ni mtoto mmoja tu kwa msimu, na si kila mwaka. Ukilinganisha na panya anayezaa watoto hai kwa fungu na kuwaachisha ndani ya wiki chache, utajiuliza nani hapo anastahili sifa ya mzazi.

Lipo jambo jingine kwenye yai hilo ambalo wanaolisimulia hulipita haraka, nami ndilo linalonivutia kuliko yote. Yai la kuku limefungashiwa kila kitu kabla halijatagwa. Kiini chake ni masurufu ya safari nzima ya siku 21. La ekidna na platipasi linatoka kwenye ovari likiwa dogo sana, milimita 4 hivi, na kiini chake hakitoshi. Likiwa tumboni linafyonza virutubisho vya mama kupitia ganda na kukua hadi ukubwa wa kutagwa. Ni mimba fupi, kisha ganda, kisha maziwa. Ule ua tuliouona kati ya kutaga na kuzaa, hapa mtu anauvuka kwa mguu mmoja.

Ushahidi uko hata ndani ya miili yetu. Protini kuu inayojaza kiini cha yai hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ziitwazo vitelojenini. Kuku anazo 3 zinazofanya kazi. Platipasi imembaki 1. Binadamu hana hata moja, lakini watafiti waliochunguza jenomu yetu, yaani jumla ya maelekezo yetu ya urithi, wamekuta mabaki yake, yamevunjika na hayasomeki tena. Ni kama magofu ya Kilwa: kuta zipo, unaweza kuonyesha palipokuwa chumba, ila hakuna anayepika humo. Jeni za kiini zilichakaa kwa kadiri maziwa yalivyochukua kazi ya kumlisha mtoto. Mtaalamu wa maziwa wa Marekani, Olav Oftedal, amekwenda mbali zaidi akapendekeza kwamba maziwa yalianza kama unyevu wa ngozi wa kuyazuia mayai hayo laini yasikauke, na lishe ikaja baadaye. Hiyo ni nadharia, lakini hata asiyeikubali yote hawezi kuwaweka ekidna na platipasi nje ya hadithi ya maziwa. Wao ndio ukurasa wake wa mwanzo uliosalimika.

Wengine wakifika hapa hurukia kosa la pili: "Kumbe ni wanyama wa kale, hawajabadilika." Jenomu kamili za platipasi na ekidna zilipochapishwa mwaka 2021, makadirio yaliweka kuachana kwa ukoo wao na wetu kwenye miaka milioni 187 hivi iliyopita. Basi katika miaka yote hiyo, kwa nini sisi tubadilike na wao wakae wanatungoja? Wamebadilika, tena kwa njia ambazo sisi hatukuzifikia.

Mtazame platipasi akiwinda. Akizama mtoni hufumba macho, hufunga masikio na pua, anabaki hasikii, haoni, hanusi. Kinachomwongoza ni ule mdomo uliowachekesha watu tangu siku ya kwanza. Ngozi yake laini ina vihisio vya umeme 40,000 hivi, vinavyonasa cheche ndogo zinazotoka kwenye misuli ya kamba au buu linalotikisika chini ya jiwe. Kuufananisha mdomo huo na wa bata ni kama kuifananisha simu na kioo cha kujitazamia kwa kuwa vyote vinang'aa. Ekidna wa mdomo mrefu anavyo kama 2,000, wa mdomo mfupi kama 400, vinavyofanya kazi kwenye udongo wenye unyevunyevu. Dume la platipasi lina kromosomu 10 za jinsia pale ambapo mwanamume ana 2. Wote wamepoteza tumbo la kusagia chakula kwa asidi kama letu. Ekidna hana jino hata moja; hurusha ulimi wenye kunata, wenye urefu wa hadi sentimita 18, na mchwa husagwa kati ya nyuma ya ulimi na kaakaa. Mnyama wa namna hiyo si rasimu ambayo mtu alianza akaiacha.

Ndiyo maana sina raha na jina kinyamadege ambalo wengine wamempa platipasi kwa Kiswahili. Linavutia sikio, nakiri, lakini linaingiza uongo kwenye msamiati. Hana undugu na ndege zaidi ya ule tulionao wewe na mimi. Bora tumwache na jina la kukopa.

La damu baridi pia liondoke. Wanajipasha joto kutoka ndani kama mamalia wengine, ila kipimo chao kiko chini, nyuzi 30 hadi 33 kwa ekidna, na wanajua kulishusha zaidi wakitaka. Mwaka 2013 moto mkubwa uliteketeza hifadhi ya Warrumbungle, New South Wales, na watafiti waliokuwa wakifuatilia ekidna huko waliona kwamba baada ya moto walipunguza mizunguko yao na kuingia mara nyingi zaidi kwenye ule usingizi wa kupoza mwili, wakibana matumizi mpaka chakula kirudi. Anayeishi polepole namna hiyo huishi sana. Waliofugwa wamewahi kuvuka miaka 45, umri ambao mbwa wako hauoni hata ndotoni.

Kuhusu sumu, kidogo tu. Dume la platipasi lina kijembe chenye sumu kwenye mguu wa nyuma. Haijulikani kuua mtu, lakini maumivu yake ni makali kiasi kwamba hata mofini, dawa kali ya maumivu, haiyatulizi sawasawa. Ekidna dume anacho kijembe kama hicho, ila hakichomi mtu kwa sumu. Kinatoa ute unaodhaniwa ni wa kupelekeana habari za harufu wakati wa kutafutana. Ukiona video inayokuonya dhidi ya "ekidna mwenye sumu," ujue mtengenezaji amechanganya ndugu wawili.

Kwetu Afrika Mashariki kosa la kwanza kabisa ni jingine. Yule binti alipoiona video alisema, "Nungunungu!" Kila mtu wa huku angesema hivyo. Miiba ipo. Mwenye macho zaidi angeona anavyojikunja, akasema kalunguyeye, na anayejua mambo ya usiku porini angemtaja muhanga kwa sababu ya mdomo mrefu na mchwa, au kakakuona kwa sababu ya ulimi. Wote wanne wanafanana na ekidna kwa umbo au kwa kazi, hakuna anayehusiana naye kwa karibu. Nungunungu ni wa jamaa ya panya. Muhanga ana undugu na tembo, pimbi na nguva. Kakakuona, amini usiamini, yuko karibu na ukoo wa simba na paka. Na hao wote, ukijumlisha na wewe msomaji, mna babu wa pamoja wa karibu zaidi kuliko babu ambaye yeyote kati yenu anachangia na ekidna. Kwa maneno mengine, nungunungu ni ndugu yako kuliko alivyo ndugu wa ekidna.

Mchwa ni chakula kilichojaa nchi za joto, kimejificha ndani ya kuta ngumu, na kukila kunahitaji makucha ya kuchimba na ulimi mrefu. Mabara kadhaa yakamtoa kila moja mlaji wake, na kila mmoja akafika kwenye umbo linalofanana kwa njia yake. Ekidna akaongeza la kwake: nyayo za nyuma zimegeukia nyuma. Ukimtisha hakimbii. Anachimba kwenda chini, wima, kama anayezama kwenye maji, hadi unabaki ukitazama miiba mgongoni tu. Miiba hiyo ni nywele zilizokomaa, na hairuki kama mishale. Hata ya nungunungu wetu hairuki, ijapokuwa najua wazee watakaonibishia.

Nimeacha mwisho kosa ambalo limekaa ndani ya historia yenyewe, yaani kwamba sayansi ndiyo iliyogundua kwamba wanyama hawa hutaga.

George Shaw wa London alimwandika ekidna mwaka 1792 na kumweka pamoja na walaji wa mchwa wa Amerika Kusini. Mwaka 1799 alipopelekewa ngozi ya platipasi alikiri kwamba alishuku udanganyifu, kana kwamba mtu ameshona mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama. Kwa miaka 85 iliyofuata wasomi wa Ulaya walibishana. Mjerumani Meckel alizipata tezi za maziwa za platipasi miaka ya 1820. Mfaransa Geoffroy Saint-Hilaire, aliyeshikilia kwamba wanataga, akakataa kuwa hizo ni tezi za maziwa, kwa sababu kwake anayetaga hawezi kunyonyesha. Mwingereza Richard Owen aliyakubali maziwa, kwa hiyo akayakataa mayai. Mwaka 1864 aliandikiwa kutoka Victoria, Australia, kwamba platipasi aliyekamatwa ametaga mayai mawili, naye akaona pengine mimba imeharibika kwa woga. Wakubwa wawili, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na wote wameukataa uliobaki kwa kosa lile lile la daftari la binti yetu.

Wenyeji walikuwa wameshasema. Mzee wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, aliyeandikwa kwenye kumbukumbu kwa jina Cookoogong alimweleza daktari Patrick Hill, miaka ya mwanzo ya 1820, kwamba platipasi jike hutaga mayai mawili na kuyaatamia kiotani. Ukubwa aliufananisha na wa mayai ya kuku, na hapo hakupatia. Kutaga, idadi, kiota, kuatamia, yote alipatia. Habari ikafika Ulaya, ikasomwa, ikawekwa pembeni.

Kisha mwaka 1883 akaja kijana wa Cambridge, William Hay Caldwell, akapiga kambi kando ya Mto Burnett, Queensland. Aliwaajiri Waaborijini wamtafutie ekidna, kwa sababu wao ndio walioweza kuwaona, na wakamletea zaidi ya 1,000. Kila jike alililipia nusu krauni, sarafu ya Kiingereza ya wakati huo. Lakini unga, chai na sukari aliwauzia yeye mwenyewe, na kadiri ekidna walivyozidi kuletwa, ndivyo alivyopandisha bei, ili hela waliyopata itoshe tu kuwaacha na njaa ya kurudi porini. Haya hayakufichuliwa na adui yake. Aliyaandika mwenyewe, bila haya, kwenye taarifa yake ya kisayansi.

Agosti 1884 alimpiga risasi platipasi aliyekuwa ameshataga yai moja na la pili likiwa njiani kutoka. Akatuma simu ya maandishi ya maneno manne ya kitaalamu kwenda kwenye mkutano wa wanasayansi Montreal, Kanada: wanataga, na yai lao hugawanyika sehemu tu, kama la ndege na mijusi. Ilisomwa huko tarehe 2 Septemba. Siku hiyo hiyo, mjini Adelaide, Mjerumani Wilhelm Haacke aliwaonyesha wenzake ganda la yai alilolikuta kwenye mfuko wa ekidna. Lilikuwa ganda, maana alipolipapasa mara ya kwanza alishtuka mpaka akalibana kati ya vidole viwili, likapasuka. Katika kisa kizima, huyo Haacke ndiye ninayempenda. Angalau alishangaa kama mtu.

Mtindo huo wa kuwapuuza wenyeji umeanza kubadilika kidogo, na mfano ni ule wa Milima ya Cyclops, Papua ya Indonesia. Ekidna wa huko, mdogo kuliko wenzake wa mdomo mrefu, alijulikana kwa sayansi kupitia mfano mmoja tu uliokusanywa mwaka 1961 na kuhifadhiwa Uholanzi. Mwaka 1998 akapewa jina la David Attenborough, mtangazaji maarufu wa Uingereza wa filamu za wanyama. Baada ya hapo, kimya. Wengi waliamini ametoweka. Mwaka 2023 msafara ulioongozwa na watafiti wa Oxford, ukishirikiana na shirika la wenyeji liitwalo YAPPENDA, ulitega kamera zaidi ya 80 mlimani kwa wiki kadhaa. Picha zake zilipatikana kwenye kadi ya mwisho kabisa ya kamera, siku ya mwisho: mnyama mdogo, anatembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Watu wa kijiji cha Yongsu Sapari, chini ya milima hiyo, hawakuhitaji kadi. Kwao wawili wakigombana, desturi ilikuwa kumtuma mmoja msituni akamtafute ekidna, na mwingine baharini akamtafute samaki wa aina ya sulisuli. Wote wawili ni wagumu kupatikana, na huenda ikachukua miaka mingi, hata kizazi kizima. Wakishapatikana, ugomvi umekwisha. Kadhi gani wa kwetu angebuni hukumu kama hiyo?

Nilipomaliza kumsimulia binti haya, aliuliza jambo ambalo sikulitegemea: kwa nini anaitwa ekidna? Jina ni la Kigiriki, la kiumbe wa hadithi aliyekuwa nusu mwanamke nusu nyoka. Mfaransa Cuvier alimpa mnyama huyu jina la kisayansi Echidna mwaka 1797, kisha ikaonekana kwamba jina hilo lilikuwa limeshapewa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Kwa sheria za wataalamu, aliyetangulia hanyang'anywi, ndipo mwaka 1811 mnyama akabatizwa Tachyglossus, mwenye ulimi wa kasi. Mmoja wa mikunga wenye jina hilo, mweupe mwenye madoa meusi na manjano, Echidna nebulosa, anaishi kwenye miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwenye vitabu, Echidna halali ni huyo wa huku. Mvuvi anayemtoa kwenye dema akimlaani kwa kung'ata hajui amemshika nani.

"Sasa mjomba, kwenye mtihani niandike nini?"

Nikamwambia aandike SI KWELI, na pembeni, kwa herufi ndogo, aandike "ekidna, platipasi." Mama yake akasema aandike KWELI, achukue maksi yake, mambo ya ekidna atayasema akishafaulu. Hatukuafikiana. Mtihani ni mwezi ujao.